Kasi ya modemu ya zamani kwa vipimo vya leo: kilobiti, megabiti, kilobaiti au muda?

Modemu ya 56k, kifaa kilichounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, ilikuwa na kasi gani kwa vipimo vya leo? Waulize watu watano wanaojua hesabu na huenda ukapata majibu matano: kilobiti 56 kwa sekunde, megabiti 0.056, kilobaiti 7, kilobaiti 5.6, au "megabaiti moja kwa dakika tatu". Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amejibu swali lililokuwa kichwani mwake, na wewe uliyekuja na namba moja kutoka kwenye mwongozo wa kifaa cha kale unabaki hujui uandike ipi.

Hapa chini nimeziweka njia hizo bega kwa bega. Zipo tano zinazotumika kweli: kubaki na kilobiti, kuhamia megabiti, kugeuza kuwa kilobaiti, kugeuza kuwa kibibaiti (baiti 1024), na kuacha vipimo vya kasi kabisa ukataja muda. Kuna ya sita, baudi, ambayo naishughulikia mwanzoni kwa sababu si njia ya kubadilisha. Ni mtego.

Vigezo

Kila njia nimeipitisha kwenye maswali manne yale yale. Hesabu yake ikoje, na je, inafanyika kichwani? Inaeleza nini vizuri? Inapotosha wapi, na kosa lake ni la ukubwa gani? Inamfaa nani?

Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi. Ukikosea kwa asilimia mbili hakuna atakayegundua, kwa kuwa laini ya simu yenyewe ilipanda na kushuka kuliko hivyo kutoka simu moja hadi nyingine. Ukichanganya biti na baiti, ambayo ni biti nane, umekosea mara nane, na hilo halisitiriki.

Kabla ya kuchagua kipimo, jua umeshika namba ipi

Makosa mengi niliyoyaona kwenye ubadilishaji huu hayatokani na kugawanya vibaya. Yanatokana na kuanza na namba isiyo kasi ya laini. Modemu moja iliweza kubeba namba nne tofauti, zote zikiitwa "kasi".

Ya kwanza ni baudi. Hii huhesabu ishara kwenye waya hubadilika mara ngapi kwa sekunde, na imepewa jina la Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa aliyepata hataza ya mfumo wake mwaka 1874. Kwenye Bell 103, modemu ya mwaka 1962, kila badiliko la ishara lilibeba biti moja, hivyo baudi 300 na biti 300 kwa sekunde vilikuwa kitu kimoja. Watu wakazoea. Kisha wahandisi wakajifunza kubebesha kila badiliko biti zaidi, na namba mbili hizo zikaachana: kiwango cha V.22 kilitumia baudi 600 zenye biti mbili kila moja kupata biti 1200, V.22bis kikabaki na baudi 600 zile zile lakini kwa biti nne, yaani 2400. V.32 kilikuwa na baudi 2400 kwa biti nne za data, jumla 9600, na V.32bis cha mwaka 1991 kikapandisha hadi biti sita, ndipo ikapatikana 14,400.

Kwa hiyo "modemu ya baudi 14,400" haijawahi kuwepo kwenye laini ya simu, ingawa matangazo, miongozo na mazungumzo ya watu yaliendelea kusema hivyo kwa miaka. Ukiikuta namba ya namna hii kwenye jina la modemu, ichukue kuwa ni biti kwa sekunde na usizidishe kwa chochote. Baudi halisi utazikuta kwenye jedwali la kiufundi, na hapo mara nyingi biti kwa sekunde zimeandikwa kando yake.

Namba ya pili ni kasi kati ya kompyuta na modemu, si kati ya modemu na modemu. Ndiyo sababu programu nyingi zilionyesha ujumbe wa kuunganishwa uliosoma 115200 wakati laini ilikuwa inapitisha chini ya nusu ya hapo. Ile 115,200 ni kasi ya kebo fupi iliyo nyuma ya meza. Ukiibadilisha kuwa kilobaiti ukasema modemu ilipakua 11.5 kwa sekunde, umepima kebo.

Namba ya tatu ni ya watangazaji. Mgandamizo wa V.42bis uliweza, kwa data inayogandamizika vizuri, kufikia uwiano wa hadi nne kwa moja. Basi modemu ya 14,400 ikauzwa kuwa ina "57,600" na ya 28,800 ikapewa "115,200". Kwa matini tupu haikuwa mbali na ukweli. Kwa faili lililokwisha kufungwa kwa zip, au picha ya JPEG, mgandamizo huo haukuongeza kitu, na tangazo likabaki chuku.

Ya nne ndiyo unayoitaka: biti kwa sekunde kwenye laini. Hata hii ina kiwango cha juu na kiwango kilichopatikana. Modemu za 56k, zilizowekewa kiwango cha pamoja cha V.90 mwaka 1998, zilitegemea mtandao wa simu wa kidijitali unaochukua sampuli 8000 kwa sekunde. Biti saba kwa kila sampuli ndiyo 56,000. Nchini Marekani kanuni za nguvu ya ishara kwenye laini zilikomesha kasi hiyo kwenye 53,300. Na hiyo ni kwa kupokea tu: kwa kutuma, V.90 ilibaki 33,600, kasi ile ile iliyokuwa imefikiwa na kiwango kilichotangulia, V.34. Kwa hiyo modemu ya 56k ina kasi mbili, na ukilinganisha na huduma ya leo inayotaja kupakua na kupakia kando, nawe zitaje zote mbili.

Kilobiti kwa sekunde

Hesabu haizidi kusogeza nukta: 28,800 ni 28.8 kbps. Kilo ya mawasiliano ni 1000 kamili, wala haijawahi kuwa 1024, kwa hiyo hakuna la kubishania.

Nguvu yake ni kwamba namba haipotezi asili yake. Msomaji akitaka kuhakikisha, ataikuta namba ile ile kwenye kifaa, kwenye mwongozo na kwenye viwango vya mawasiliano. Pia kilobiti bado zipo katika maisha ya leo kuliko watu wanavyodhani. Muziki wa kidijitali unapimwa kwa kilobiti, na kampuni za simu zinapokupunguzia kasi baada ya kifurushi kuisha, mara nyingi zinakushusha kwenye kilobiti 64 au 128. Weka namba hizo karibu na 56 na mambo yanajieleza: MP3 ya 128 kbps inadai kilobiti 128 kila sekunde, modemu ya 56k haifikishi hata nusu, ndiyo maana watu walipakua wimbo kwanza na kuusikiliza baadaye.

Udhaifu ni kwamba msomaji aliyezoea kuona "Mbps" (megabiti kwa sekunde) hapati hisia yoyote kutoka kwenye 33.6 kbps. Mbaya zaidi, wengine huisoma kb kama kilobaiti. Hapo ndipo lile kosa la mara nane huingia, na huingia kimya kimya kwa sababu jibu linabaki kuonekana la busara. Dawa yake ni kuandika neno zima, kilobiti, angalau mara ya kwanza.

Inamfaa anayeandika historia, maelezo ya makumbusho, orodha ya vifaa, na yeyote ambaye maandishi yake yatanukuliwa na wengine.

Megabiti kwa sekunde

Gawanya biti kwa milioni moja. 56,000 inakuwa 0.056 Mbps, 14,400 inakuwa 0.0144, na 300 inashuka hadi 0.0003.

Hiki ndicho kipimo ambacho programu za kupima kasi ya intaneti hukionyesha, kwa hiyo ulinganisho haudai hatua ya pili. Huduma ya megabiti 100 ikigawanywa kwa 0.056 inatoa karibu mara 1,786. Kwa kichwa cha habari au slaidi moja ya mada, hakuna njia inayofikisha ujumbe haraka kuliko hii.

Lakini sifuri za mbele ni hatari. Mtu anaacha moja, 0.056 inakuwa 0.56, na tayari modemu imeongezewa kasi mara kumi. Kuzungusha namba nako kunaua maana: ukibakiza desimali mbili, 56k inakuwa 0.06 na modemu ya 2400 inakuwa 0.00. Grafu yenye kipimo cha kawaida itaonyesha modemu zote kama mstari ulioganda chini, hivyo tumia kipimo cha logi, ambacho kila hatua huzidisha mara kumi, au usichore.

Jambo jingine linasahaulika. Uwiano wa mara 1,786 ni wa wingi wa data, si wa kila kitu. Modemu ilichelewesha kila swali na jibu kwa milisekunde mia moja na zaidi, ilhali laini nzuri ya leo huchelewesha kwa milisekunde kumi au ishirini. Ucheleweshaji umepungua kwa mara chache tu, na hakuna ubadilishaji wa megabiti utakaokuonyesha hilo. Mchezo wa kompyuta wa zamani uliochezwa kwa modemu haukuwa mzito mara 1,786 kuliko wa leo.

Njia hii inamfaa anayelinganisha vizazi vya teknolojia kwenye jedwali moja, kuanzia modemu hadi nyuzi za kioo.

Kilobaiti kwa sekunde

Hapa ndipo pana ubishi, kwa sababu kuna wanaogawanya kwa 8 na wanaogawanya kwa 10, na kila upande una hoja.

Baiti ina biti 8, kwa hiyo 56,000 ÷ 8 ni baiti 7000, yaani 7 KB/s. Hiyo ndiyo hesabu ya vitabuni. Wanaogawanya kwa 10 wanatoka kwenye mawasiliano ya bandari ya mfululizo (tundu la kompyuta linalotuma biti moja baada ya nyingine), ambako kila baiti ilitanguliwa na biti moja ya kuanzia na kufuatwa na biti moja ya kufungia. Kila herufi ikala nafasi ya biti 10. Kwenye modemu zisizo na usahihishaji wa makosa, biti hizo mbili zilisafiri kwenye laini ya simu pia, kwa hiyo modemu ya 2400 ilipitisha herufi 240 kwa sekunde, si 300. Kwa kizazi hicho, kugawanya kwa 10 ndiyo hesabu kamili. Kugawanya kwa 8 kunaizidishia kasi kwa robo nzima.

Mambo yakabadilika pale V.42, kiwango cha usahihishaji wa makosa, ilipoingia. Modemu mbili zinazoelewana kwa V.42 huzivua biti za kuanzia na kufungia, hupanga baiti katika fremu zenye alama za ukaguzi, na kuzirudisha biti zile upande wa pili. Kwenye laini kila baiti sasa inachukua biti 8 na gharama kidogo ya fremu. Basi kwa modemu za miaka ya 1990, 8 iko karibu zaidi na ukweli wa laini.

Ila laini si mwisho wa safari. Data ya intaneti inakuja katika pakiti, na kila pakiti ya TCP/IP, yaani itifaki za intaneti, hubeba baiti 40 za vichwa vya pakiti (anwani na maelezo ya usafirishaji). Kwenye pakiti ya baiti 1500 hiyo ni chini ya asilimia 3. Kwenye pakiti za baiti 576, ambazo watumiaji wengi wa modemu walizipendelea, ni karibu asilimia 7, isipokuwa vichwa hivyo viwe vimegandamizwa. Kisha kumbuka kwamba 56k haikuunganishwa kwenye 56. Chukua laini iliyopata 48,000: ukigawanya kwa 8 ni 6 KB/s, ukiondoa gharama za fremu na pakiti unabaki na karibu 5.5. Sasa rudi kwenye namba ya kisandukuni, 56,000, igawanye kwa 10: 5.6.

Sababu hazihusiani hata kidogo, lakini jibu linaangukia pale pale. Ndiyo maana mimi, nikilazimishwa kuchagua kanuni moja ya kichwani, huchukua 10. Unafuta sifuri moja tu, kwa modemu za kale ni sahihi kabisa, na kwa za mwisho inakaribia kile dirisha la kupakua lilichoonyesha. Anayezungumzia uwezo wa laini badala ya alichokiona mtumiaji ashike 8, na aseme ameshika 8.

Nguvu ya kilobaiti ni kwamba mafaili yenyewe hupimwa kwa baiti, hivyo namba hii inaelekea moja kwa moja kwenye muda. Udhaifu wake, zaidi ya ule ubishi, ni mchanganyiko wa kanuni. Ukigawanya modemu kwa 10 na laini ya leo ya megabiti 100 kwa 8, unapata 5.6 KB/s dhidi ya 12,500 KB/s, na uwiano unaruka hadi 2,232 badala ya 1,786. Chagua kigawanyo kimoja kwa pande zote mbili, la sivyo fanya ulinganisho kwa biti na uziache baiti kwa mambo ya mafaili.

Inamfaa anayeeleza matumizi ya kila siku ya modemu, na anayetaka kukadiria kama faili fulani lingepakuliwa kwa usiku mmoja.

Kibibaiti kwa sekunde

Gawanya kwa 8, kisha kwa 1024: 56,000 inakuwa 6.84 KiB/s. Jina kibibaiti liliwekwa na IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, mwaka 1998 ili kilo ya 1000 na ile ya 1024 ziache kugongana. Hata hivyo programu nyingi zimeendelea kuhesabu kwa 1024 na kuandika KB. Windows hufanya hivyo kwenye ukubwa wa mafaili, ilhali macOS ilihamia 1000 mwaka 2009.

Kipimo hiki kina faida moja ya kweli: kulinganisha hesabu yako na picha ya skrini au kumbukumbu ya programu ya enzi hizo, ambayo kwa kawaida ilihesabu kwa 1024. Nje ya hapo, tofauti na kilobaiti haifiki asilimia 2.5, na kuihangaikia kwenye laini iliyoyumba kwa asilimia kumi au ishirini ni kujitia usahihi usiokuwepo. Inawafaa watunza kumbukumbu na wanaorekebisha programu za kale. Wengine wapite.

Muda wa kusubiri

Hapa unatafuta ukubwa wa faili kwa baiti, unaugawanya kwa baiti kwa sekunde, na unasema sekunde, dakika au saa. Hesabu si ya kichwani kila mara, lakini jibu halimhitaji msomaji ajue biti ni nini.

Kwa mifumo ya matini, kipimo kinachoeleweka ni skrini. Skrini ya safu 80 kwa mistari 24 ina herufi 1,920. Modemu ya 300 iliijaza kwa sekunde 64, ya 1200 kwa sekunde 16, ya 2400 kwa sekunde 8, na ya 9600 kwa sekunde 2. Katika namba hizo unaona badiliko ambalo kilobiti hazilionyeshi: kwenye 300 maandishi yanatambaa na jicho linayafuata bila shida, na kufikia 9600 skrini inajaa kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Kwa mtumiaji wa matini, hatua kubwa zilimalizika hapo. Kasi za baadaye zilikuja kwa ajili ya picha na mafaili.

Kwa mafaili, diski laini ni kipimo kizuri kwa sababu ni ya enzi hiyo hiyo. Ile iliyoandikwa 1.44 MB ina baiti 1,474,560, yaani 1440 mara 1024, hivyo hata jina lake limechanganya kilo mbili. Kwa modemu ya 14,400 na kigawanyo cha 10, inachukua sekunde 1024 kamili, dakika 17 na sekunde 4. Kwa modemu ya 2400 ni saa 1, dakika 42 na ushee. Wimbo wa MP3 wa dakika nne kwa 128 kbps, wenye baiti 3,840,000, kwa 5.6 KB/s unachukua karibu dakika 11 na nusu.

Inapotosha pale ukubwa wa faili unapofichwa. "Filamu ingechukua siku kadhaa" ni sentensi ya kuchekesha, lakini hakuna aliyekuwa akijaribu kupakua filamu ya ubora wa leo kwa modemu. Mafaili ya wakati huo yalikatwa kulingana na kasi ya wakati huo. Muda pia hauhesabu kupiga simu na modemu kusalimiana, jambo lililokula nusu dakika hivi kwenye V.90, wala simu iliyokatika katikati. Itifaki, yaani kanuni ya kutuma mafaili, nayo ina sauti: XMODEM ilituma vipande vya baiti 128 na kusubiri kibali baada ya kila kipande, hivyo haikufikia kasi kamili ya laini, na simu ikikatika ilianza upya. ZMODEM haikusubiri, na iliweza kuendelea ilipoishia.

Inamfaa mwalimu, mwandishi wa simulizi, na yeyote ambaye wasomaji wake hawajawahi kugusa modemu.

Namba zenyewe

Muda kwenye safu ya mwisho ni wa faili la baiti 1,000,000 kwa kigawanyo cha 10.

| Biti kwa sekunde | kbps | Mbps | KB/s (÷8) | KB/s (÷10) | KiB/s | Muda wa 1 MB |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 300 | 0.3 | 0.0003 | 0.0375 | 0.03 | 0.037 | saa 9 dk 16 |
| 1,200 | 1.2 | 0.0012 | 0.15 | 0.12 | 0.146 | saa 2 dk 19 |
| 2,400 | 2.4 | 0.0024 | 0.3 | 0.24 | 0.293 | saa 1 dk 9 |
| 9,600 | 9.6 | 0.0096 | 1.2 | 0.96 | 1.172 | dk 17 sek 22 |
| 14,400 | 14.4 | 0.0144 | 1.8 | 1.44 | 1.758 | dk 11 sek 34 |
| 28,800 | 28.8 | 0.0288 | 3.6 | 2.88 | 3.516 | dk 5 sek 47 |
| 33,600 | 33.6 | 0.0336 | 4.2 | 3.36 | 4.102 | dk 4 sek 58 |
| 56,000 | 56 | 0.056 | 7 | 5.6 | 6.836 | dk 2 sek 59 |

Uandishi wa alama ni jambo dogo lakini halisamehi: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, M kubwa ni mega, na m ndogo ni mili, yaani sehemu ya elfu. Anayeandika "mbps" ameandika, kwa sheria kali ya vipimo, kitu kisichokuwepo.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Kama unaandika makala ya historia au maelezo ya kifaa, andika kilobiti kama zilivyo, kisha muongezee msomaji mfano mmoja wa muda. Usianze na megabiti. Mtu atakayenukuu kazi yako baada ya miaka atataka namba ya asili.

Kama unalinganisha modemu na huduma ya leo kwenye jedwali moja, tumia Mbps kwa zote, usipunguze desimali chini ya nne, na kupakua kuwe kando na kupakia.

Kama unawafundisha watu waliozaliwa baada ya modemu kutoweka, muda unatosha. Chagua faili la wakati ule, taja ukubwa wake kwa baiti, na uwaachie wafanye hesabu wenyewe kwa kufuta sifuri moja.

Kama kasi ya simu yako imeshushwa hadi kilobiti 64 na unataka kujua utaweza nini, uko karibu na modemu ya 56k kwa wingi wa data. Gawanya kwa 8 uone kikomo, yaani 8 KB/s, kisha punguza kidogo kwa ajili ya pakiti. Ujumbe wa maandishi utapita. Kurasa za leo zenye megabaiti kadhaa zitakuchosha.

Kama unaiga kompyuta ya kale kwenye programu na inakuuliza kasi ya modemu, weka biti kwa sekunde na utarajie sehemu ya kumi ya namba hiyo kwa herufi. Ukiweka 2400 na skrini ikajaa kwa sekunde 8, mpangilio uko sawa. Ikijaa papo hapo, programu haiigi kasi ya laini.

Kama unachunguza kumbukumbu au picha za skrini za programu ya zamani na namba zinakataa kulingana kwa asilimia mbili na kitu, jaribu kibibaiti kabla ya kutafuta kosa kwingine. Zikikataa kwa robo nzima, tofauti ni ya 8 na 10.

Na kama namba uliyonayo, 9600 au 115,200, haitoki kwenye modemu bali kwenye kidhibiti kidogo (microcontroller) au kihisi unachounganisha na kompyuta leo, basi mjadala ni mfupi. Kwenye bandari hizo kila badiliko la ishara ni biti moja, hivyo baudi na biti kwa sekunde ni kitu kimoja, na kwa mpangilio wa kawaida wa biti 8 bila biti ya ulinganifu kigawanyo ni 10 kamili: 9600 ni baiti 960 kwa sekunde, na 115,200 ni 11,520.